Maji meusi ya kiwanda cha karatasi: uengue sabuni, unase tapentaini au utoe lignini?

Maandiko ya miradi ya viwanda vya karatasi huwa na ukurasa mmoja mtamu kuliko kurasa nyingine zote. Ni ule wa mazao ya ziada: tapentaini ya rangi, rozini (utomvu mgumu wa msonobari) ya gundi, lignini ya zege, vanilini ya biskuti, methanoli, hata kirutubisho cha kushusha kolesteroli. Kila kimoja kimeandikiwa bei yake kwa dola, na ukiangalia jumla pale chini unabaki kujiuliza kwa nini wenye viwanda bado wanahangaika kuuza karatasi.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa mazungumzo haya hayako mbali. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza vinahitaji maboksi kila siku. Misonobari ipo Buhindi upande wa Sengerema, ipo Rubya kisiwani Ukerewe, ipo Rubare mkoani Kagera. Na tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lori la magogo linalotoka Sengerema halipangi tena foleni ya kivuko. Kama kiwanda kijengwe au kisijengwe, huo ni mjadala mwingine. Hapa nalinganisha jambo moja: mbao zikishapikwa, katika vile vinavyobaki junguni kipi kinastahili kununuliwa mtambo wa kukitoa, na kipi kiachwe kiende motoni.

Msimamo wangu nauweka mapema. Bei ya tani kwenye soko la dunia ni kipimo kibaya. Angalia kwanza kilichomo ndani ya mti wako, kisha angalia ni kitu gani kikiachwa kitakuharibia mitambo au ziwa.

Kilichomo junguni

Njia inayotumika zaidi duniani kupika rojo la mbao, yaani nyuzi laini za kutengenezea karatasi, ni ya krafti, ambayo chanzo chake ni kazi ya Carl Dahl mjini Danzig mwaka 1879. Vipande vya mbao hupikwa kwa shinikizo, pamoja na kostiki soda na sodiamu salfaidi, katika joto la nyuzi 160 hadi 170 hivi. Lignini, yaani ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, inayeyuka, nyuzi zinabaki. Takriban nusu tu ya uzito wa mbao kavu ndiyo hutoka ikiwa rojo. Nusu ya pili imo kwenye maji meusi: lignini, sukari zilizovunjikavunjika, mafuta na utomvu wa mti, na kemikali zote ulizonunua kwa ajili ya kupikia. Kila tani ya rojo hukuachia kama tani moja na nusu ya yabisi, yaani vitu vikavu, ikiwa imeyeyuka katika maji ambayo yenyewe ni asilimia 85 ya mzigo wote.

Kwa hiyo zao la kwanza la ziada ni soda yenyewe, na hili maandiko ya miradi mara nyingi hayalihesabu kabisa. Maji meusi hupitishwa katika mfululizo wa vyombo vya kuvukizia hadi yabisi ifike asilimia 65 au zaidi (viwanda vipya hufika 75 mpaka 80), kisha hunyunyizwa ndani ya boila ya urejeshaji, mtambo uliokomaa Kanada miaka ya 1930 kwa kazi ya G. H. Tomlinson. Lignini inaungua na kutoa mvuke wa kukaushia karatasi na kuzungusha jenereta. Chini ya tanuru hutiririka chumvi zilizoyeyuka kwa moto, sodiamu kabonati na sodiamu salfaidi. Ukiziyeyusha majini unapata maji ya kijani. Ukiyachanganya na chokaa yanarudi kuwa maji meupe, tayari kupikia tena. Kiwanda kinachoendeshwa vizuri hurejesha zaidi ya asilimia 95 ya kemikali zake kwa mzunguko huu.

Kuna viwanda vidogo, hasa vya majani ya nafaka na makapi ya miwa huko Asia, ambavyo kwa miaka mingi viliona boila hiyo ni ghali na vikamwaga maji meusi mtoni. Ufukweni mwa Ziwa Victoria sioni hata sababu ya kuliweka jambo hilo kwenye mizani. Jiji la Mwanza linakunywa maji yanayovutwa Capripoint na Butimba. Ziwa lote lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile pale Jinja, na kina chake cha wastani ni kama mita 40. Wenzetu wa Kenya walikuwa na Pan African Paper Mills pale Webuye, kando ya Mto Nzoia unaoingia ziwani. Kiwanda kilisimama mwaka 2009, lakini wakazi wa bonde lile bado wanaweza kukusimulia harufu yake na rangi ya maji. Kabla ya kufikiria kuuza chochote, hakikisha boila ya urejeshaji imo kwenye bajeti na ina fundi anayeiogopa. Maji yakiigusa ile chumvi ya moto, boila inaweza kulipuka.

Sabuni na tapentaini, ana kwa ana

Hivi viwili ndivyo watu huviweka kwenye kapu moja kwa sababu vyote vinatokana na utomvu wa msonobari. Lakini vinatoka sehemu tofauti za kiwanda, vina tabia tofauti, na mbele ya mhasibu havifanani hata kidogo.

Nianze na sabuni. Anayepika sabuni ya kufulia pale Igoma au Nyakato atalielewa hili haraka. Ndani ya jungu la krafti kuna kostiki kali na joto. Ndani ya msonobari kuna mafuta na tindikali za rozini. Vikikutana vinakuwa sabuni, bila wewe kupanga. Maji meusi yakiwa membamba sabuni hiyo imetawanyika humo humo. Yakivukizwa mpaka yabisi ifike asilimia 25 hadi 30, chumvi zilizojaa humo zinaisukuma juu, kama vile mpishi wa sabuni anavyotia chumvi ili sabuni ijitenge na maji. Ndipo unapoiengua. Chombo chenyewe ni tangi pana lenye utulivu, lenye kuacha maji yakae saa kadhaa, na kijiko cha mashine au mlango wa juu wa kufurikia. Hakuna teknolojia ya siri hapo.

Usiitegemee kufulia. Inatoka ya kahawia inayokaribia nyeusi, inanata, inanuka salfa. Ni malighafi. Ikichemshwa na tindikali hutoa mafuta ghafi ya msonobari, ambayo sokoni huitwa tol-oili, na kwa kawaida tani moja ya sabuni hutoa takriban nusu tani ya mafuta hayo. Viwanda vya Finland na Sweden vinavyopika misonobari ya baridi hupata kilo 30 hadi 50 za mafuta kwa kila tani ya rojo.

Namba hiyo ya kilo 30 hadi 50 ndiyo inayonakiliwa kwenye maandiko ya miradi ya huku, na hapo ndipo ninapowabishia waandishi wake. Msonobari wa Ulaya ya kaskazini umekua polepole kwa miaka mingi, huvunwa mzee, na hufika kiwandani ukiwa umepoa. Wetu hukua haraka na kukatwa mdogo. Aina nazo zinatofautiana: Pinus caribaea ina utomvu mwingi, Pinus patula inayotawala Sao Hill, shamba la misitu la serikali kule Mufindi, ina tabia yake. Na kuna adui asiyetajwa: muda. Gogo likishakatwa, na hasa likishakatwakatwa vipande na kurundikwa, utomvu unaanza kupotea. Tapentaini hutangulia kwa sababu inapaa hewani, mafuta yanafuata kwa sababu yanaoksidika. Kwa joto letu wiki chache zinatosha kupunguza mavuno vibaya. Kiwanda kinachoacha magogo yalale uwanjani msimu mzima wa mvua kinatupa sabuni yake kabla haijazaliwa.

Hata hivyo naipa sabuni nafasi ya kwanza, na sababu kubwa si bei. Sabuni isiyoenguliwa haikai kimya. Inatoa povu kwenye vyombo vya kuvukizia, inajibandika kwenye mabomba, inaacha madoa ya utomvu kwenye karatasi. Ikifika kwenye boila inaungua kwa nguvu nyingi kuliko maji meusi ya kawaida, kwa hiyo inakula nafasi ya tanuru; boila ambayo tayari imefika kikomo itakulazimisha upunguze rojo. Na sehemu inayoponyoka ikaingia kwenye maji taka ndiyo hatari zaidi kwa ziwa, kwa sababu tindikali za rozini ni miongoni mwa sumu kuu zinazoua samaki katika maji yanayotoka viwanda vya misonobari. Unapoengua vizuri, umeshalipwa kabla hujampata mnunuzi.

Tapentaini sasa. Hii haisubiri kuvukizwa. Wakati jungu linapandishwa joto, mvuke hutolewa kidogo kidogo kupunguza shinikizo, na mvuke huo hubeba tapentaini. Unaupitisha kwenye kipoza, unapata kimiminika cha tabaka mbili, tapentaini inaelea juu ya maji, unaitenga. Kwa misonobari mizuri tegemea kilo 5 hadi 10 kwa tani ya rojo. Majungu yanayopika kwa mikupuo hutoa zaidi kuliko yale yanayopika mfululizo.

Tatizo la kwanza ni harufu. Tapentaini ya krafti imechanganyika na misombo ya salfa, na pipa lake likifunguliwa mtaa mzima utadhani kuna kabichi iliyooza. Kuisafisha kunahitaji kukenekwa upya (kuvukizwa kisha kupozwa), na pengine kutiwa kemikali za kuondoa salfa. Tatizo la pili ni moto. Mvuke wa tapentaini huweza kuwaka kimiminika kikiwa na nyuzi 35 hivi, na kontena lililoachwa juani Mwanza linapita hapo bila shida. Mabomba yanayobeba gesi za salfa pamoja na mvuke wa tapentaini yamewahi kulipua viwanda sehemu nyingi duniani, na ndiyo maana wahandisi huyawekea vizuia moto na kuhakikisha hewa ya nje haiingii.

Tatizo la tatu ni mteja. Fundi rangi wa Mwanza anatumia tina ya mafuta ya petroli. Ni rahisi kupatikana na hainuki kabichi. Kuna matumizi ya heshima zaidi: pineni iliyomo ndani ya tapentaini ni chanzo cha manukato, kafuri ya viwandani na mafuta ya paini, yale yenye harufu ya dawa za kusafishia sakafu, ambayo pia yametumika tangu zamani kutoa povu katika kuelesha madini, yaani kuyatenga na mwamba kwa kuyabeba juu ya povu. Kanda ya Ziwa haina uhaba wa migodi. Lakini kutoka kwenye tapentaini yenye salfa mpaka mafuta ya paini yanayokubalika na meneja wa mgodi kuna mtambo mwingine kamili wa kemia katikati, na kwa kilo 5 hadi 10 kwa tani huujengi.

Hivyo tapentaini lazima uinase, kwa usalama na kwa pua za majirani, ila usiihesabu kwenye mapato. Ukiwa na kiwanda kidogo, uamuzi wa kuichoma kwenye tanuru pamoja na gesi zinazonuka si aibu. Viwanda vingi hufanya hivyo. Ichunguze tena ukipata mnunuzi wa kuikusanya kwa mapipa ikiwa ghafi.

Uuze sabuni ghafi au uipike na tindikali?

Hapa ndipo fedha hupotea kimya kimya. Hesabu ya juu juu inasema mafuta yana thamani kuliko sabuni, kwa hiyo upike. Mtambo wenyewe nao unaonekana rahisi: tangi lisiloliwa na tindikali, joto la karibu nyuzi 100, tindikali ya salfuriki mpaka pH ishuke kwenye 3 au 4, subiri matabaka yajitenge.

Kwanza, sabuni isipoenguliwa vizuri hubeba maji meusi ndani yake. Maji meusi yana salfaidi. Salfaidi ikikutana na tindikali hutoa hidrojeni salfaidi, gesi ya harufu ya yai viza, ambayo ikizidi pua huacha kuinusa na mtu huanguka palepale. Hiyo si kazi ya kuwapa vibarua wa zamu ya usiku. Pili, maji machafu ya salfati yanayobaki lazima yarudi kwenye mzunguko wa kemikali, na salfa hiyo ya ziada inavuruga uwiano wa salfa na sodiamu. Itabidi uitoe mahali fulani, kisha ununue kostiki zaidi kufidia sodiamu inayotoka nayo. Tatu, lignini iliyokwama katikati ya matabaka hufanya utando mzito unaoziba kila kitu.

Ukiuza sabuni ghafi, unabeba maji mengi kwenye lori na bei ni ya chini. Ukipika, unabeba tindikali, vibali vya Mkemia Mkuu wa Serikali, na hatari. Kwa kiwanda cha tani chache kwa siku ningeuza ghafi, au ningeichoma mpaka mlima wa sabuni uwe mkubwa kiasi cha kuleta mnunuzi. Kwenye nchi zilizoendelea kwa hili, hata viwanda vikubwa haviendi mpaka mwisho wa njia. Wengi hutoa mafuta ghafi tu, kisha matangi hupelekwa kwenye mitambo michache inayokeneka kwa ombwe, inayohudumia viwanda vingi. Huko ndiko hutenganishwa tindikali za mafuta, rozini na lami. Huko Piteå, Sweden, SunPine inageuza mafuta haya kuwa malighafi ya dizeli tangu 2010; Lappeenranta, Finland, UPM ilifungua mwaka 2015 kiwanda chenye uwezo wa lita milioni 120 kwa mwaka. Kile kirutubisho cha kolesteroli kilichotajwa kwenye andiko la mradi kina ukweli wake pia: kampuni ya Raisio ya Finland ilikitia kwenye siagi ya mimea mwaka 1995. Lakini steroli zake, yaani kiini cha kirutubisho hicho, hutoka kwenye mafuta mengi ya viwanda vikubwa, si kwenye jungu moja dogo.

Wateja wa karibu wapo, wa daraja la chini kidogo. Mafuta ghafi ya msonobari hutumika kutengenezea viunganishi vya lami ya barabara inayomwagwa ikiwa imechanganywa na maji. Rozini huongeza povu kwenye sabuni ya mche, ingawa inaitia rangi ya kahawia, na mama wa nyumbani wa Mwanza anapenda mche mweupe au wa bluu. Lami inayobaki chini baada ya kukeneka ni ndugu wa ile lami ya misonobari iliyotumika karne nyingi kukalafati vyombo vya baharini. Mafundi mitumbwi wa Kirumba wangejua la kufanya nayo, ila mahitaji yao yote kwa mwaka hayajazi tangi moja.

Lignini: iungue au itolewe?

Kwenye lignini nitakuwa mfupi kwa sababu jibu ni fupi. Hupatikana kwa kupuliza kaboni dayoksaidi ndani ya maji meusi mpaka pH ishuke kwenye 10 hivi. Lignini inaganda, inachujwa, inaoshwa kwa tindikali. Teknolojia inayojulikana zaidi, LignoBoost ya Sweden, ilianza kazi ya kibiashara mwaka 2013 kwenye kiwanda cha Domtar pale Plymouth, North Carolina, kisha 2015 kwenye kiwanda cha Sunila cha Stora Enso, Finland.

Angalia sababu ya kiwanda kuitoa. Mara nyingi boila imejaa na mwenye kiwanda anataka kuongeza rojo bila kununua boila mpya. Akitoa sehemu ya lignini anapunguza mzigo wa tanuru. Kiwanda kipya chenye boila inayokitosha hakina shida hiyo. Kwake kila tani ya lignini inayotoka ni kuni zilizotoka, na mvuke wake utafidiwa kwa magogo mengine au kwa bili ya TANESCO.

Kuna pia mkanganyiko ambao nimeukuta kwenye maandiko zaidi ya moja. Lignini inayowekwa kwenye zege ili litiririke, inayomwagwa barabarani kutuliza vumbi, inayoshikanisha vyakula vya mifugo, hiyo ni lignosulfoneti. Inatoka kwenye njia nyingine ya kupika, ya salfaiti, na inayeyuka majini. Lignini ya krafti haiyeyuki kwenye maji ya kawaida mpaka itiwe kundi la salfoneti kwa kazi ya ziada. Mwandishi anayekuahidi kuuza lignini ya krafti kwa wachanganya zege wa Mwanza bila kutaja hatua hiyo amenakili ukurasa wa kiwanda kingine.

Vanilini iko hukohuko kwenye salfaiti. Borregaard ya Sarpsborg, Norway, inaitengeneza kutoka kwenye lignini ya misprusi tangu 1962, na vanilini nyingi ya dunia hutoka kwenye petroli. Wakulima wa vanila wa Bukoba wana washindani wa kutosha tayari. Kiwanda cha krafti cha Sengerema hakitakuwa mmoja wao.

Kwa anayetaka kuona vyote kwa jicho moja, hivi ndivyo ninavyovipanga kwa kiwanda cha krafti cha misonobari kando ya ziwa:

| | Sabuni | Tapentaini | Lignini |
|---|---|---|---|
| Huenda ukapata, kwa tani ya rojo | mafuta kilo 30–50 kwa misonobari ya kaskazini. Ya kwetu ipimwe | kilo 5–10 | nyingi, lakini ndiyo kuni zako |
| Kifaa | tangi la kuengulia | kipoza na kitenganishi | mtambo mzima wa kuchuja na kuosha |
| Ukiiacha | povu, mabomba kuziba, sumu kwa samaki | moto, harufu | hakuna tatizo, inaungua |
| Uamuzi wangu | engua tangu siku ya kwanza | nasa, usiihesabie faida | acha |

Kama mti wako si msonobari

Basi futa safu za sabuni na tapentaini kwenye jedwali. Mkaratusi hauna tindikali za rozini za kuzungumzia; sabuni yake ni kidogo na haielei kwa ukaidi ule wa msonobari, na tapentaini hakuna. Anayepanga kupika mikaratusi na bado ana mstari wa tol-oili kwenye hesabu zake aulizwe kwa upole.

Makapi ya miwa nayo yana hadithi yake. Viwanda vya sukari vya ukanda huu, Kagera Sugar miongoni mwao, huyachoma kupata mvuke na umeme, kwa hiyo kuyapika ni kuyanyang'anya boila. Yakipikwa, silika iliyomo hujenga magamba kwenye vyombo vya kuvukizia na kuharibu mzunguko wa chokaa. Zao la ziada lenye rekodi nzuri hapo ni fufurali, kemikali ya viwandani inayotokana na hemiselulosi, aina ya sukari iliyomo kwenye mmea: kampuni ya Quaker Oats waliianza miaka ya 1920 kwa maganda ya oti, na kiwanda cha sukari cha Sezela, Afrika Kusini, kinaitoa kwenye makapi ya miwa. Lakini hiyo ni biashara ya mwenye sukari, si ya mwenye karatasi.

Magugu maji huulizwa kila mara, tangu yalipovamia ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Yanafaa kwa kadi za mkono na vikapu. Kemikali za kuuza humo sizioni.

Kiwanda au kugema?

Ulinganisho ambao ningependa wenye mashamba ya misonobari wa Ukerewe na Buchosa waufanye kabla ya mwingine wowote ni huu, kwa sababu hauhitaji kiwanda cha karatasi hata kidogo. Rozini na tapentaini zinaweza kutoka kwenye mti ulio hai. Unakwangua ganda, unapaka dawa yenye tindikali ya kuamsha utomvu, unafunga mfuko au kopo, unarudi baada ya siku kadhaa kukusanya na kufungua kidonda kipya juu ya kile cha zamani. Sao Hill kazi hii inafanyika kwa vibali vya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mti mzuri hutoa kilo 2 hadi 4 za utomvu kwa mwaka, na utomvu ukikenekwa kwa mvuke hutoa takriban asilimia 70 ya rozini na 15 hadi 20 ya tapentaini.

Linganisha na ya kiwandani. Tapentaini ya kugema haina salfa, kwa hiyo haina kabichi. Inauzika kama ilivyo. Rozini yake ni ya rangi ya asali, wakati ya kiwandani inahitaji safu ndefu za kukeneka kwa ombwe ili ifanane nayo. Mtaji wake ni mifuko, vikwangulio, mapipa na mikono ya watu, na kazi hiyo hulipa mshahara kijijini badala ya kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Udhaifu wake ni kwamba bei inaamuliwa na China, Brazil na Indonesia, na bei ikianguka wagemaji ndio wa kwanza kuachwa. Mgemaji mzembe huua mti kwa kidonda kipana, na utomvu uliomwagika chini wakati wa kiangazi ni kiberiti. Hivyo mkataba ufunge idadi ya vidonda kwa kila mti kulingana na unene wake, na kazi iwe katika miaka michache ya mwisho kabla ya kuvuna, ili mbao zisidhurike zikiwa bado zinakua.

Mwenye ekari zake na asiye na mwekezaji wa karatasi, nampeleka kwenye kugema bila kusita. Mwenye kiwanda anayejenga kwa ajili ya maboksi, nampeleka kwenye tangi la kuengulia sabuni.

Wote wawili waanze na kipimo kilekile: kata visahani vya mbao kutoka shina, katikati na karibu na kilele cha miti kadhaa ya umri tofauti, vipelekwe Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) au Taasisi ya Utafiti wa Misitu (TAFORI), vipimwe kiasi cha utomvu na mafuta yanayotoka kwa kiyeyusho. Na katika sampuli hizo iwepo ya gogo lililolala uwanjani wiki nne, maana hilo ndilo litakaloingia junguni, si lile lililokatwa asubuhi mbele ya mgeni.